Kinyago Changu na Kinanda cha Badi

Wengi wanaoandika habari za ugonjwa huu humaliza kwa kumshukuru kila mtu, kuanzia daktari mpaka jirani aliyewamwagilia maua. Mimi nitawashukuru wachache. Mmoja nitamsema, tena kwa jina, maana nilimwambia usoni kwamba nitaandika na akanijibu, "Andika, nani atasoma?" Basi unasoma wewe. Kama umeketi kwenye chumba cha kungojea, na koti hujalivua kwa sababu hujui utaitwa lini, nimekuandikia wewe.

Mimi ni Idarusi, mzaliwa wa Mombasa, mchora ramani za meli. Kazi niliianza kijana kwenye gudi la kwetu, pale meli zinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa, nikaimalizia Landani, kwenye karakana moja ya matishari na tagi za kuvuta meli kando ya mto Thames. Chombo kikigongwa ubavu, nilishuka chini na taa, nikapima mataruma, zile mbavu za chombo, yaliyopinda, nikarudi mezani kuchora bamba jipya litakalokaa pale bila kubakisha mwanya. Kazi hiyo ilinilisha mimi na wangu. Fidla haikunilisha hata siku moja, wala sikuitaka inilishe. Nilikuwa nayo Jumapili na siku za shughuli za watu, tangu ujana hadi mvi.

Kikundi chetu cha taarabu hukutana kwenye ukumbi wa kukodi Woolwich, nyuma ya soko. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishi kwa muziki. Ni wauguzi, wapishi, wastaafu. Kiongozi ni Badi, mpiga kinanda. Tunajuana tangu Mombasa, mtaa mmoja, madrasa moja. Alitangulia kuja Landani, akaendesha basi mpaka akastaafu, na hata leo anaongoza kikundi vile alivyoendesha basi: akishafunga mlango, hafungui.

Ugonjwa ulinijia kwa njia ambayo ingemdanganya mpiga fidla yeyote. Sisi sote tuna alama chini ya taya la kushoto, pale chombo kinapokaa. Ngozi huwa nyeusi na ngumu, kama sijda kwenye paji la mtu wa msikitini. Yangu nilikuwa nikiionea fahari. Kwa hiyo uvimbe ulipoota chini yake nilidhani ni fidla, nikaongeza kitambaa kinene nikaendelea kupiga. Nilimwonyesha Badi. Akaubonyeza kwa kidole chake cha usukani, akacheka.

"Hiyo ni nishani, bwana," alisema. "Fidla imekuzalia mtoto."

Nami nikacheka. Mke wangu Zuhura hakucheka. Zuhura miaka yote hii anahudumia wazee majumbani kwao, na mikono yake imegusa shingo nyingi. Alinigusa pale siku moja nikivaa shati, akanyamaza. Zuhura akisema, usijali; akinyamaza, ogopa. Basi nikachukua bikari, nikasimama mbele ya kioo, nikajipima na kujichora kwa ubavu, vile nilivyozoea kuchora omo, pua ya meli. Baada ya muda nikapima tena na kuchora juu ya karatasi ileile. Mistari haikukutana. Nikaenda kwa daktari wa mtaani na karatasi yangu, akaitazama, akaweka kalamu yake chini, akapiga simu mbele yangu.

Nikupe siri moja ya hospitali. Ukiingizwa chumba kidogo chenye boksi la tishu mezani, na muuguzi ameketi ingawa hana kazi ya kufanya, habari umeshaipata. Yanayosemwa baadaye ni maelezo tu. Mimi nililitazama lile boksi. Binti yetu Rahma alikuwa amenishika mkono. Rahma ni wa pekee, kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia chote mpaka matusi, lakini akijibu ni kwa Kiingereza. Arusi yake ilikuwa imepangwa kwa majira ya joto yanayokuja.

"We'll postpone it, Baba," alisema tukiwa kwenye lifti.

"Haiahirishwi," nikamwambia. "Nami n'tapiga fidla."

Hapo ndipo uelewe nilichokuwa nakigombania. Rahma akiwa hajaota meno nilimtungia bashrafu, ule muziki usio na maneno wa kufungulia taarabu, uje upigwe siku ya arusi yake. Sikuipiga popote tena. Kikundi kilijua ipo, hakikujua ikoje. Kuna watu huwawekea mabinti dhahabu. Mimi nilikuwa nimemwekea hiyo, na sasa wakataji walitaka kupita palepale fidla inapokaa.

Walinikata majani yakipukutika. Nilipozinduka, bega la kushoto lilikuwa limeshuka na mkono haukutaka kupanda juu ya kifua. Mdomo wa chini ulikuwa umevutwa upande mmoja, kwa hiyo kila nilichosema kilitoka kwa kejeli hata nilipokuwa nakusudia heri. Kovu lilianzia nyuma ya sikio likateremka mpaka mtulinga, mfupa wa juu ya kifua. Daktari akasema kazi imekwenda vizuri. Ni kweli, niko hai, na yeye namshukuru. Lakini nilijipapasa shingo nikaona bonde mahali palipokuwa na nyama, nikajua fidla haina tena pa kukaa.

Ndipo Badi akaja kunizuru.

Alikuja na zabibu. Mtu amekatwa koo, ananyweshwa kwa mpira uliopitishwa tumboni, yeye analeta zabibu. Akaziweka kwenye kimeza, akaketi, akanitazama shingo muda mrefu vile mtu anavyotazama gari lililogongwa. Kisha akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Idarusi, ndugu yangu," alisema, "kama kuna neno kati yetu, n'samehe. Mimi nishakusamehe."

Kwetu Pwani, msomaji, mtu hutaka radhi anapokwenda Makka, na watu huja kuzitaka kwa anayekata roho. Badi hakuwa anakwenda Makka. Zuhura alikuwa amesimama dirishani akageuza uso. Mimi nilikuwa siwezi kusema, mdomo umejaa pamba, nikamkodolea macho tu. Akadhani macho yale ni ya machozi, akasogea karibu.

"Na ile fidla," alisema taratibu, kwa huruma kabisa, "uniachie. Isikae bure."

Akaondoka. Akasahau kitambaa chake, akarudi kukichukua, akanipungia tena mkono. Mimi nikabaki na zabibu ambazo siwezi kumeza, na ndani yangu kikawaka kitu ambacho hakikuzimika mwaka mzima. Watu watakwambia ukiugua usamehe, uachilie, moyo uwe mweupe. Mimi nakwambia nilichokiona: kama chuki ndiyo inayokuamsha asubuhi, amka nayo. Ukishapata nguvu utachagua mwenyewe pa kuiweka.

Kabla ya mionzi waling'oa meno yangu ya nyuma, mazima, eti yangeniharibikia baadaye. Hilo pia niliwawekea kinyongo. Kisha wakaniandalia kinyago. Walinilaza, wakaloweka wavu wa plastiki kwenye maji ya moto, wakanifunika nao ungali laini kuanzia utosi mpaka mabegani. Ukapoa, ukanikaza. Kuanzia siku ile, asubuhi baada ya asubuhi majira ya baridi, nilivishwa kinyago hicho kikabanwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata unywele. Juu yake walikuwa wamechora mistari ya wino, na mmoja ulipita katikati kutoka paji mpaka kidevu. Niliutambua. Kila meli niliyowahi kuchora niliianza na mstari wa kati. Sasa nilikuwa nimepandishwa gudini mimi.

Mama mmoja wa ushauri alinifundisha kwamba nikiwa chini ya kinyago nifikirie mahali penye utulivu. Nikajaribu ufuo. Badi akaja ufuoni na zabibu. Nikajaribu bustani, nikamkuta ameketi kwenye benchi. Basi nikaacha kuhangaika, nikamfikiria yeye moja kwa moja, mashine ikivuma kichwani. Nilimpiga, nikamfukuza, nikamshusha kwenye basi lake mwenyewe mvua ikinyesha. Ilinisaidia kuliko bustani.

Na ni chini ya kinyago hicho nilipoipata silaha. Ili nisihesabu dakika, niliipiga ile bashrafu akilini, kidole kwa kidole. Bashrafu yangu ni ya maqam, yaani ngazi ya sauti za Kiarabu, iitwayo rasti. Rasti ina sauti zinazokaa kati ya kitufe na kitufe. Kwenye fidla unasogeza kidole kidogo tu, umezipata. Kwenye kinanda cha Badi hazipo. Viko vinanda vya Waarabu vyenye sauti hizo, lakini Badi alinunua chake kwa sababu kilikuwa na taa nyingi. Miaka yote kikundi kizima tumeikwepa rasti, wala hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Ni adabu tu. Humvui mwenzako nguo mbele ya watu. Nilikuwa nimeazimia hata bashrafu ya binti yangu niipunje, niinyooshe, imfae Badi na taa zake. Mashine ikavuma, nami nikaapa: haitapunjwa.

Pale chumba cha kungojea alikuwepo Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu, msafishaji. Alikuwa akiniwekea kiti karibu na chombo cha joto na kikombe cha maji vuguvugu, maana mate yalikuwa yamekauka na ulimi umekuwa kipande cha ngozi. Sikumwomba. Siku moja alisimamisha fagio lake akanitazama.

"Papa, leo uko na sura ya mutu mwenye anataka kupiga mutu."

"Ni kweli, Mama," nikamjibu kwa sauti ya kukwaruza.

"Ni muzuri," alisema. "Wenye wanakufa hawana na hasira tena. Minaona hapa kila siku. Wananyamaza, wanasema yote ni sawa. Wewe kasirika, Papa."

Yeye namshukuru. Dawa zote nilizopewa zilikuwa na madhara, isipokuwa ile.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Zuhura alikuwa anatoka kwa wazee wa watu anarudi kwa mzee wake. Ananiungia mpira tumboni na koti lake bado mwilini. Maji yalikuwa na ladha ya chuma, uji ulikuwa na ladha ya chuma, hata hewa. Ndevu ziliota upande mmoja tu. Wageni walileta biriani na sambusa, vikajaa jikoni, nami naviangalia. Nilikuwa nikimfokea Zuhura kwa karatasi, kwa sababu sauti haikutosha kufoka; nilikuwa naandika kwa herufi kubwa za ramani. Siku moja alizichukua zile karatasi zote akazitia kwenye pipa la taka.

"Baba Rahma," alisema, "hiyo chuki itakuua mbele ya maradhi."

Nikaandika: NDIYO INIWEKAYO HAI.

"Basi olewa nayo," alisema, akaenda kazini.

Siku ya mwisho ya mionzi kuna kengele ukutani. Aliyemaliza huipiga, na chumba kizima humshangilia. Sikuipiga. Nilimwambia Rahma kwamba imekosa sauti, na kweli ilikuwa imekosa. Lakini mkabala nami alikuwa ameketi mama mmoja ambaye hatapata kuipiga, naye alijua, nasi tulijua. Nikampungia mkono nikatoka zangu. Kijana wa mionzi akanifuata na kinyago, akaniuliza nakichukua au wakitupe. Nikakichukua. Zuhura aliona uso wangu wa plastiki unaingia mlangoni akasoma kila aya anayoijua.

Majira ya machipuko yakaja. Mpira ukatolewa tumboni. Nikaweza uji, kisha mkate uliolowekwa chai, kisha siku moja nikasikia chumvi kwenye mchuzi nikalia mezani. Kama uko kwenye ladha ya chuma bado, ngoja. Chumvi hurudi.

Badi naye akarudi. Alikuja nyumbani kupanga taarabu ya arusi na Zuhura na Rahma. Nilikuwa nimeketi hapohapo kwenye sofa, naye akanizungumzia kama kochi.

"Idarusi apumzike," aliwaambia. "Akae mbele na wazee, avae kanzu yake, watu wamsalimu. Pale jukwaani, na ule mdomo, na lile bega, watu watamwonea huruma. Shughuli haitaki huruma, yataka furaha."

"Na fidla?" Zuhura akauliza.

"Fidla ninayo." Akatoa simu, akabonyeza, ikatoka sauti aliyoirekodi kwenye kinanda chake. Ni kitufe kimoja. Unakibonyeza, kinanda kinajifanya fidla. "Sikizeni. Kamili! Haichoki, haiumwi."

Nilimtazama mke wangu. Zuhura akainamia vidole vyake, akasema, "Labda ni heri hivyo." Rahma hakusema lolote kwa lugha yoyote. Nafasi yangu, na bashrafu niliyoitunza tangu mtoto yule hajaota meno, vilikwenda kwa kitufe.

Wakati huo nilikuwa siwezi kuinua fidla. Nilijaribu Badi alipoondoka: ikateleza kwenye lile bonde la shingo, nikaidaka kwa magoti. Nikaketi nikaiangalia, kisha nikakiangalia kinyago kilichokuwa juu ya kabati. Hapo kazi yangu ya zamani ikaniamkia. Ubavu umebonyea, unahitaji bamba. Na bamba lenyewe hilo hapo, tayari limechukua umbo langu lote kabla sijapoteza zaidi.

Nikajipima tena kwa bikari. Nikachora shingo, taya, bega lililoshuka na mgongo wa fidla. Kisha nikachukua msumeno, nikakikata kinyago kuanzia mdomoni, kwa raha ambayo siwezi kuieleza. Kipande cha taya na bega nikakitia kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka kikalainika, nikakikunja kwa mikono, nikakibana kati ya kovu langu na fidla, nikasimama hivyo katikati ya jikoni mpaka kikapoa. Mara ya kwanza kilikaa vibaya. Nikakirudisha kwenye maji. Plastiki ile haikuwa na uwezo wa kukataa. Ilikuwa imenibana majira yote ya baridi, sasa nilikuwa naibana mimi. Nilikichonga, nikakishonea kitambaa laini cha kanga kuukuu ya Zuhura ambaye hakuulizwa. Kikakaa. Fidla ikasimama shingoni bila mkono.

Mkono wenyewe ulichukua muda mrefu zaidi. Mtaalamu wa viungo alinipa mpira wa kuvuta, nikauvuta nikitaja jina la Badi. Nilikuwa nafanya mazoezi Zuhura akiwa kazini. Mwanzo upinde ulilia kama mlango. Nikaendelea. Bustani mbele ya nyumba ikachanua, nami nikaweza kuipiga bashrafu nusu, kisha robo tatu, kisha yote, rasti kamili, bila kumpunguzia mtu.

Arusi ikafika. Taarabu yetu ya Landani hupigwa mchana, maana ukumbi una wenyewe na ukichelewa wanakuzimia taa. Asubuhi ile nikafungua kabati kuchukua boksi la fidla, nikakuta nafasi tupu. Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu, amejifunga mkaja wake wa shughuli kiunoni, macho mekundu.

"Nimeificha," alisema. "Nilikusikia wapiga. Jirani kaniambia. Lakini Baba Rahma, mkono ule watetemeka. Ukishindwa mbele ya watu wale utarudi kitandani, na safari hii hutainuka. Sitaki kukuzika kwa ajili ya Badi."

Nilivaa kanzu, nikaketi mbele na wazee vile Badi alivyopanga. Watu wakanisalimu kwa sauti ya chini, ile wanayoitumia kwa wagonjwa na mayatima. Jukwaani Badi alikuwa amewasha taa zake zote. Aliniona, akanipungia, akanionyesha kidole gumba.

Kisha milango ikafunguliwa, vigelegele, na binti yangu akaingia. Mikononi mwake hakukuwa na maua. Alikuwa amelikumbatia boksi la fidla juu ya gauni jeupe. Alikuwa amelikuta nyuma ya nguo za mamake alipokuwa akipambwa. Alipita katikati ya ukumbi, vigelegele vikafifia kwa mshangao, akafika mbele yangu akanikabidhi. Zuhura alikuwa mlangoni, mkono kinywani, lakini hakusogea.

Nikapanda jukwaani. Badi akainama juu ya kinanda akaninong'oneza, "Wafanya nini wewe? Shuka, utajiaibisha." Nikaweka bamba langu shingoni, fidla ikakaa. Nikampa ishara mpiga dumbaki, yule wa ngoma, nikaanza.

Badi ni mwanamuziki, sitamnyima hilo. Alisikia ufunguo akanifuata. Kisha nikateremka kwenye rasti yenyewe, naye akabonyeza kitufe, kikagongana na sauti yangu vibaya mpaka mama mmoja wa mbele akafumba jicho. Akajaribu cha juu yake. Kikagongana. Akajaribu cha chini. Akainua uso akanitazama, na nikaona ameelewa. Taratibu akaiondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mapajani. Taa zake ziliendelea kumetameta bure.

Ile bashrafu niliitunga fupi. Siku ile niliirudia. Niliirudia mpaka nikamwona Badi anatokwa na jasho ingawa hakuwa akifanya kazi yoyote. Ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia mpiga kinanda aliyekaa kama abiria. Ilikuwa tamu, na sitakudanganya kwamba haikuwa.

Katikati kinywa kikanikauka kabisa, nikahisi nitaanguka. Rahma alikuwa tayari chini ya jukwaa, chupa na mrija mkononi, na mtandio wake ukiburura. Akapanda ngazi mbili, akaniwekea mrija mdomoni, upande ule mzima.

"Kunywa, Baba," alisema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. "Haya. Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho.

Tulipokuwa tunafunga vyombo, Badi alikunja waya wake polepole bila kuniangalia.

"Rasti," alisema.

"Rasti," nikasema.

"Makusudi."

"Makusudi."

Jumapili zilizofuata tuliketi jukwaani mmoja huku na mmoja kule, tukizungumza kupitia mpiga dumbaki.

Ningeweza kuishia hapo, na ndivyo nilivyotaka. Lakini majani yalipoanza kupukutika tena, mke wa Badi alimpigia simu Zuhura akilia. Badi alikuwa ameonekana na uvimbe kwenye utumbo. Wamemkata, wakaanza kumtia dawa ya mshipa, na baada ya dripu ya kwanza amekataa kurudi hospitali. Hali chakula. Amelala kaelekea ukutani. "Tena hagombani," mkewe alisema. "Nikimwambia lolote ajibu, 'Yote heri, mama, yote heri.'"

Badi, yote heri! Nikakumbuka maneno ya Mama Furaha akiegemea fagio lake.

Zuhura alidhani nitafurahi, akaniangalia kwa woga. Nikavaa koti. Nikapitia sokoni Woolwich nikanunua zabibu, nikaenda kwa Badi. Nilimkuta amejikunja kitandani mchana kweupe, na begi la hospitali, ambalo mkewe alikuwa amelifunga, liko chini mlangoni. Miadi ilikuwa siku hiyohiyo. Kinanda kilikuwa pembeni, kimefunikwa shuka.

Nikaweka zabibu kwenye kimeza. Nikaketi. Nikamtazama tumbo muda mrefu. Kisha nikamshika mkono kwa mikono miwili.

"Badi, ndugu yangu," nikasema, "kama kuna neno kati yetu, n'samehe. Mimi nishakusamehe."

Akafumbua macho.

Nikasogea karibu, taratibu, kwa huruma kabisa. "Na kile kinanda, uniachie. Kisikae bure."

Kisha damu ikampanda usoni, kwanza masikio, halafu shingo yote.

"Nani kakwambia nakufa?" alisema.

"Sikusema wafa. Nimesema kisikae bure."

"Kinanda changu?" Akaegemea kiwiko. "Wewe? Wewe usiyejua hata pa kukiwashia? Mchonga vinyago wewe, waja kunirithi nami ni hai?" Akaitupa blanketi. "Mama! Viatu vyangu viko wapi? Mwambie huyu bwana atoke, mimi nina miadi!"

Mkewe akaja mbio na viatu. Mimi nikalichukua lile begi.

Sijamsamehe. Maneno yalikuwa yake, nimemrudishia. Wala usiniulize kama na yeye siku ile hospitalini aliniambia makusudi ili niamke. Badi hana akili hiyo. Nilimshikia koti akavaa, akanisukuma mkono, nikamshikia tena. Tukapanda basi pamoja, yeye akilalamika namna dereva anavyokata kona. Zabibu alizipakata njia nzima, akazila zote mpaka hospitali, na hakunipa hata moja.